Kompyuta Iliyofunuliwa Shavu

Leo nimeadhirika, jamani, na mchawi ni mimi mwenyewe.

Kikundi chetu cha kuwekeza hapa Nyakato tuko watu tisa. Leo tulikuwa tunaamua akiba yetu ya mwaka mzima tuinunulie hisa gani. Mimi nilishaamua peke yangu: hisa za kampuni moja kubwa ya kutengeneza kompyuta. (Jina silitaji. Aibu ya leo inanitosha.) Nikabeba na kompyuta yangu ya mezani kwenye bajaji, kasha zima, iwe ushahidi.

"Miaka mitatu naitumiaga hii," nikawaambia huku nikiipigapiga mgongoni. "Haijawahi hata kukohoa! Kampuni ya hivi hisa zake zitapanda tu."

Mama Bhoke, muuza samaki, akanyoosha mkono. "Mwanangu Magesa, humo ndani wao wenyewe wametengeneza nini?"

Hapa ndipo ninapojuta. Nilipotoka Murangi kuja kusoma sekondari, huyu mama ndiye aliyenipokea. Nimekula kwake miaka minne. Halafu leo nikamcheka mbele za watu! "Mama, wewe baki na sangara wako. Kompyuta tuachie wasomi." (Msomi! Mimi!)

Hakununa. "Sawa, baba. Ila mimi sangara simuulizagi amevuliwa lini. Namfunua shavu nione kama ameoza. Na huyu afunuliwe."

Masatu, mwenzetu ambaye ni fundi kompyuta, akatoa bisibisi. Nami kwa kiherehere changu: "Fungua! Fungua waone!"

Akafungua. Akachungulia.

"Magesa, hii ulinunua wapi?"

"Mwanza mjini. Kwa mtu."

"Humu hamna hata kipande kimoja cha hiyo kampuni. Memori, diski, hadi kasha lenyewe, vyote vya kuungaunga." Akapitisha ukucha kwenye nembo ya mbele. Ikabanduka. Kumbe stika!

Weee! Kicheko kilichopigwa hapo nadhani kimefika Bunda. Mama Bhoke peke yake hakucheka. Bora angecheka. Tukapiga kura, na kura zote tisa zikakataa, hadi yangu.

Mama Bhoke alipotoka, nikamfuata nje. "Mama, nisamehe. Nimekukosea sana."

"Yameisha, mwanangu. Kesho alfajiri njoo mwaloni wanaposhusha samaki, nikufundishe kufunua shavu kabla hujafunua mdomo."

Nitaenda. Mkiniona nimeinamia sangara, tafadhali, piteni kimya kimya.