Intaneti Isiyo na Mwenyewe

Heimo alipogundua kwamba mkahawa ulio kando ya soko la Tampere huiacha waifai yake wazi kama mlango wa kanisa, alimshukuru Mungu, kisha akaanza kumsaidia kugawa riziki.

Enzi hizo ndipo vishikwambi vya kwanza vilipoanza kuonekana kwetu Finland: kioo cha kiganja, kijiti cha kugusia, na ndani mfumo wa Linux. Heimo alijaza gari lake navyo, akabaki hana kitu kingine duniani, akasimama pale nje ya mkahawa akiviuza kwa ahadi ya intaneti ya bure popote.

"Linux haina mwenyewe, sivyo? Kila mtu anachukua bure. Sasa chombo kisicho na mwenyewe, bili kitaipata wapi?"

Na intaneti inafunguka kweli, watu wanaona! Waliolipa ni wenye vibanda vya mapumziko ziwani, matajiri wanaolia kwa sababu ya bili. Wakifika msituni, kishikwambi kinageuka kioo cha kuchania nywele. Kurudi kulalamika? Mfini akitapeliwa hunyamaza, jirani asije akajua. Niambie biashara nyingine yenye wateja waungwana hivyo.

Jumamosi moja akaja Bi Lempi, mjane mwenye kofia ya sufu na macho ya malaika.

"Mwanangu, kinashika hata kwetu ziwani?"

"Mama, kinashika hata kaburini."

"Basi leta vyote. Majirani zangu kulipa bili hawataki, watavigombania. Ila kaka yangu Oiva, bila sauna hafungi biashara."

Kwetu, kukataa sauna, lile bafu la mvuke, ni kukiri kwamba una mkia. Heimo akaendesha gari hadi ziwani, shehena nzima nyuma. Mzee Oiva akapapasa juu ya mlango, akatoa ufunguo pale pale nchi nzima inapouweka. Bi Lempi akabaki nje na birika la kahawa. Wanaume wakatundika nguo misumarini, suruali ya Heimo ikiwa na funguo za gari mfukoni, wakapanda benchi la juu kwenye mvuke.

Oiva akayamwagia maji mawe ya moto. "Vipi, kijana wa mjini, nifungue mlango?"

"Wafungulie wagonjwa, mzee."

Kata nyingine. Masikio ya Heimo yakaanza kuiva, lakini kutangulia kutoka ni aibu ya kuandikwa kaburini. Mwishowe Oiva akashuka akihema.

"Umenishinda, baba. Acha nikapumue."

"Pole, babu!"

Bingwa akamwaga maji ya ushindi, kata baada ya kata. Mawe yalivyochachatika, asingesikia hata treni, sembuse gari lake likiondoka.

Alipotoka kupokea pongezi, misumari ilikuwa mitupu. Hata soksi! Akachungulia nje, baridi ilikuwa inapasua miti. Akarudi benchini mbio.

Baadaye mlango ukafunguka. Akaingia pande la mtu, uchi, na ndoo mkononi. Heimo, aliyebakiwa na ulimi tu, akautumia.

"Karibu, bwana! Hii sauna ya shangazi yangu Lempi."

Pande la mtu likakaa. "Lempi simjui. Sauna nimejenga mimi."

Akageuka kumtazama Heimo.

"Ulikuja na gari?"

"Nilikuja nalo."

"Na nguo?"

"Nazo."

Mwenye nyumba akachota maji taratibu. "Moshi niliuona tangu barabarani. Polisi nimeshawapigia, ila kwa theluji hii watachelewa." Akamwaga kata nzima. "Joto likikushinda, mwanangu, usione haya. Mlango ule pale."