Mlaji Mwenye Cheti

Altaf Kawoosa alikuwa na njaa siku aliyomwona Haji Sonaullah akitokwa na machozi harusini, na njaa ndiyo iliyomfungua akili.

Altaf alikuwa amejialika mwenyewe, kama kawaida yake, akaangukia sinia moja na Haji na wageni wengine wawili, maana harusi za Srinagar watu hula wannewanne. Haji, tajiri wa shali, alizikodolea macho mbavu za kondoo bila kuzigusa.

"Presha," alinong'ona. "Daktari anasema nisipoacha chumvi na mafuta, figo zitakwenda na moyo utafuata. Nile majani na matunda. Lakini nikirudisha nyama, mwenye harusi atanuna mpaka anaingia kaburini. Na msimu huu nina harusi kumi na mbili!"

"Haji sahib, Mungu ndiye kanileta. Mimi ni mlaji wa niaba. Nina cheti cha Delhi."

"Mlaji wa nini?"

"Nakula fungu lako la nyama, wewe unakula majani. Mwenye harusi anaona sinia jeupe, roho yake kwatu. Wengine wanakula ovyo tu. Mimi nakula kitaalamu."

Kula kitaalamu, msomaji, ni kula kama mtu mwingine yeyote, ila unafumba macho kidogo unapotafuna.

Ujira ulikuwa shali moja ya pashmina, ile sufu laini ya bei ghali, mwisho wa msimu. Mkewe Haji, Bi Zoona, alikisoma cheti, akakirudisha bila maoni. "Sharti langu moja," alisema. "Haji akionja hata mfupa, shali huioni."

Basi Altaf akageuka askari. Kila Haji aliponyoosha mkono kwenye nyama, mkono ulipigwa kofi.

"Figo, Haji!"

"Kidogo tu, mwanangu."

"Moyo, Haji!"

Mzee akarudi kwenye majani yake, akiyatafuna kwa chuki. Altaf akafagia mbavu za watu wawili, na mwisho gushtaba, lile donge la nyama kwenye mtindi linalofunga karamu. Hata chai ya chumvi ya Haji aliinywa yeye.

Asubuhi ya harusi ya kumi na mbili alifika kwa Haji akihema kwa ngazi tatu tu. Bi Zoona akatoa mashine ya presha. Haji: mia na ishirini na tano kwa themanini.

"Lete na mkono wako," Bi Zoona alimwambia Altaf.

"Wa nini, mama? Mimi mtaalamu."

"Lete mkono!"

Mia na tisini kwa mia na kumi. Akapima tena, ikarudi ileile. Altaf aliingiwa na hofu ya kweli, ya kwanza tangu azaliwe.

"Cheti chako ni cha ufundi wa friji," alisema Bi Zoona. "Nilikisoma siku ileile."

"Sasa mbona ulininyamazia?"

"Miaka kumi namsihi huyu mzee ale majani, hanisikii. Kaja tapeli anayetaka shali, kamsikia. Ningekufukuza nina wazimu? Haya, shali yako hiyo. Twende kwa daktari."

Daktari alimpa vidonge na onyo lilelile la Haji. Mchana wakaketi sinia moja harusini, Altaf na shali yake mabegani. Gushtaba ilipofika, mkono wa Altaf ukaenda wenyewe, ukapigwa kofi.

"Figo, mwanangu!" alisema Haji. "Peke yako huwezi, nakuona. Nitakulinda. Mimi sina cheti, kwa hiyo bei yangu ni nafuu: shali moja tu."

Altaf aliitazama gushtaba, akaukumbuka uso wa daktari. Akaivua shali, akamkabidhi Haji. Kisha akavuta majani, akafumba macho kidogo, akatafuna.