Hotuba ya Kufungua Karakana ya Kuchapa Vitambaa, Marani, 1973

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati, Mheshimiwa Makamu wake, Mheshimiwa Makamu wa Makamu ambaye yuko njiani, Chifu, Pasta, Padri, walimu, na nyinyi akina mama mlioketi juani kwa nidhamu (makofi), mimi, Obadiah Onsongo, Afisa Msaidizi wa Maendeleo, nasimama kufungua rasmi karakana yetu ya kuchapa rangi na maua juu ya vitambaa.

Mwaka jana niliomba kila mama alete shuka moja nyeupe ya kuchapwa, mkaitikia kwa asilimia tisini na saba. (Sauti: "Ziko wapi?") Nitafika hapo. Kwanza teknolojia. Kuna kibao kilichochongwa ua, unakichovya kwenye rangi na kugonga kitambaa. Kuna nta, ambayo ukichora nayo rangi haipenyi. Na kuna fremu yenye wavu laini, unasukuma rangi ipite. Ofisi yangu, baada ya semina kumi na moja na utafiti wa kiteknikali, imechagua zote. (Vigelegele.)

Tazameni shati hili nililovaa! Ndizi za kijani kwenye manjano, zao la kwanza la karakana yetu! (Mvua inaanza.) Ketini, ni manyunyu tu. (Kicheko.) Mnacheka nini? (Sauti: "Bwana Afisa, ndizi zinateremka kwenye suruali!") Hiyo ni rangi inayojituma. Naam, Mama Bochaberi, una swali?

(Bochaberi, akisimama: "Shati hilo nililigonga mimi jikoni kwangu, kwa kiazi nilichochonga. Nikakwambia ungoje siku mbili rangi ishike, ukasema wakubwa hawangoji. Sasa nataka shuka yangu. Binti yangu Mong'ina anaolewa Jumapili, na hana kitu cha kutandika." Makofi marefu.)

Nashukuru kwa mchango huo. Shuka zenu, akina mama, ziko salama kabisa. Zimeoshwa, zimeshonwa pamoja, zimepigwa misumari kwenye miti, na ndizo hizi kuta nyeupe nyuma yangu ambazo wageni wetu wamezipiga picha tangu asubuhi. (Akina mama wanainuka kutazama.) Kwa hiyo, nikihitimisha: Rangi oyee! Maua oyee! (Sauti moja: "Oyee." Ni ya Chifu.) Nawashukuru akina mama kwa moyo wa dhati, kwani bila nyinyi leo tusingekuwa na jengo la kufungua. Ahsanteni, na... Mama Bochaberi, usivute hapo. Mama, tafadhali, huo ndio ukuta wa mbele!

(Ukuta unaanguka. Nyuma yake ng'ombe watatu wanaendelea kula majani.)