Kifurushi cha Laini B

Jumatatu, 3 Machi 1958

Mpendwa Eucabeth,

Daftari hili ulilinunua wewe, uandikie sukari na chumvi. Ulitumia kurasa tatu. Zilizobaki nitakuandikia habari. Habari ya kwanza: Owuor amepata pipa.

Pipa jipya la bati. Lina kifuniko! Amelipaka jina lake kwa rangi nyekundu, OWUOR, herufi kubwa kama za behewa. Baraza la mji limewapa mapipa watu wote wa Laini A kwa sababu safu yao ya nyumba inatazama barabara. Sisi wa Laini B, tulio nyuma yao, hatukupata kitu. Lori la taka haliingii kwetu. Wanasema njia ni nyembamba. Nimeipima kwa kamba ya ofisini. Imepungua futi moja na nusu. Mgongo wa Owuor una upana huo.

Leo alikuja Bwana Afya, yule Kiptanui mwenye kofia ngumu na ubao wa kuandikia. Akatukusanya watu wa laini zote mbili, akatusomea amri. Marufuku kuchoma taka. Marufuku kuchimba shimo la taka. Marufuku mtu wa Laini B kutia taka katika pipa la Laini A. Nikauliza kwa adabu, basi tuzipeleke wapi? Akaitazama karatasi yake mbele, akaigeuza nyuma. Akasema hilo halikuandikwa.

Kisha habari kubwa. Basi la mjini litaanza kupita huku! Kibao cha kituo kitakuwa kimoja tu. Laini itakayoonekana safi zaidi mwisho wa mwezi ndiyo itakayopewa. Ama kona ya A, mlangoni kwa Owuor, ama kona ya B, mlangoni kwangu. Na basi hilo, Eucabeth, linapita makaburini. Goti langu unalijua. Tangu mvua za mwaka jana zikate njia ya nyumbani tukakuzika hapa Nakuru, nimefika kwako mara tano tu. Kibao kikiwa mlangoni kwangu, nitakuja kila Jumapili.

Owuor akanipiga begani. Akaniambia nisijali, jirani, nikitaka basi nitakuja kupandia kwake. Kwake! Na kicheko kile kinene, watu wote wakacheka naye.

Jumanne, 4 Machi

Nimeomba ruhusa ya saa moja kazini, nikaenda barazani. Kuna madirisha mawili.

Dirisha la taka limesema lori litaingia Laini B njia ikipanuliwa, na njia hupanuliwa penye kituo cha basi. Nikaenda dirisha la mabasi. Likasema kituo huwekwa mahali pasafi, na mahali pasafi ni pale lori la taka linapofika. Nikarudi la kwanza kueleza. Limefungwa, chai. Nikarudi la pili. Chai. Nikachungulia. Makarani wote wawili wamekaa meza moja, birika moja, wanapigiana stori! Kumbe wanajuana.

Kurudi nyumbani, upepo wa ziwani. Vumbi jeupe la magadi mpaka ndani ya masikio. Na karatasi zote za Laini A zimejikusanya mlangoni kwangu. Moja ni ya biskuti. Ni ya Owuor, najua. Anyango mke wake hupewa biskuti huko Milimani anakofulia Wazungu nguo. Owuor ana mke, ana pipa, ana biskuti. Mimi nina karatasi yake.

Nimeiokota. Nimeinusa kidogo. Ya tangawizi.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata!

Miaka ishirini na sita nimefunga vifurushi stesheni. Hakuna mtu Nakuru anayefunga kifurushi kama mimi. Wewe mwenyewe ulisema. Basi leo asubuhi nimetwaa majivu, maganda ya viazi, magunzi na mifupa ya yule samaki wa Jumamosi. Karatasi ya kaki, mikunjo minne. Kamba mara mbili. Fundo la stesheni, lile ambalo halilegei mpaka Kampala. Mtu angedhani ni zawadi ya arusi.

Nikatembea mpaka sokoni kupanda basi. Kifurushi chini ya kiti. Nikashuka stesheni bila kugeuka nyuma. Taka ya Laini B imeondoka, tena kwa basi la baraza lenyewe! Nilijisikia jambazi. Jambazi mwenye goti bovu, lakini jambazi.

Alhamisi, 6 Machi

Kimerudi.

Saa nne, foleni ndefu kwenye kaunta, kondakta Thuo akaingia amekikumbatia. Yule Thuo aliyeokoka. Akaita kwa sauti, "Mzee Wamalwa! Umesahau mzigo wako kwa basi!" Nikasema si wangu. Akanionyesha lebo. WAMALWA, LAINI B, NYUMBA 1, NAKURU. Kwa mwandiko wangu. Na mstari chini.

Eucabeth, sikumbuki kuandika! Ni mkono. Umezoea. Ukiona kamba imefungwa, unaandika.

Nikamshukuru, nikakipokea haraka. Hakutaka niende hivyo. Akasema nikifungue mbele ya mashahidi, kusudi nione hakuna kilichoibwa, maana basi lake ni la watu waaminifu. Mama mmoja mwenye kuku akaunga mkono, fungua mzee, tuone. Nikafungua pembe moja tu. Harufu ikatoka. Kuku akapiga kelele. Nikasema ni dawa ya goti. Yule mama akasema, "Basi mzee, hilo goti lilikufa zamani."

Foleni nzima ikacheka. Hata mimi ningecheka kama lingekuwa goti la Owuor.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefikiri siku mbili. Kosa nimelielewa. Kosa halikuwa lebo. Kosa lilikuwa jina.

Leo nimesafisha nyumba nzima, mpaka nyuma ya jiko. Nimekuta kopo lako la kahawa, umelifunga utepe wako wa buluu. Nilikaa nalo kitambo. Ndani vitunguu vinne, vikavu, vinabanduka maganda, vimeota vindevu. Umevisahau, maskini. Utepe nimeuweka ndani ya Biblia, na Biblia kando ya kile kijiko chako kilichopinda ninachokitunza. Vitunguu nimevitia kwenye kifurushi pamoja na majivu ya wiki, maganda na samadi kidogo ya kuku wa jirani iliyokuwa imeingia uani bila ruhusa.

Kisha lebo. Nimeandika kwa raha. OWUOR, LAINI A, NYUMBA 1, NAKURU.

Ona akili yake! Thuo atakipeleka kwa Owuor. Owuor ataona ni taka, atatia katika pipa lake mwenyewe kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna mtu wa Laini B aliyetia kitu katika pipa la Laini A. Amri haikuvunjwa hata kidogo. Na Owuor atanuka mbele ya watu.

Nimekiacha basini saa nane. Nimelala usingizi mzuri wa mchana.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani Owuor aliimba besi. Mwaka 1951, tukirudi ibadani, ulisema sauti yake inatetemesha benchi. Ulisema mara moja tu. Nimekumbuka kila Jumapili.

Baada ya ibada nilikaa dirishani na chai yangu. Thuo akaja na kifurushi. Watu wa laini zote mbili wakasogea. Anyango alipiga makofi, maana tangu waje Nakuru hakuna mtu aliyewatumia kifurushi. Akasema hata fundo lake ni zuri, kamba isikatwe. Owuor akahangaika na lile fundo, jasho likamtoka. Nikafurahi. Likafunguka. Majivu! Maganda! Nikaziba mdomo kwa mkono wa shati.

Halafu Anyango akapiga ukelele. Ameshika vile vitunguu vinne.

Alikuja moja kwa moja mpaka mlangoni kwangu, machozi yanamtiririka, majivu mikononi. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema hivi ni vitunguu vya maua, ndiye aliyekuletea kutoka Milimani mwaka juzi. Akasema mliahidiana mtavipanda pamoja mvua zikianza, halafu ukaugua, naye hakuthubutu kuniuliza. Akasema mwandiko wa lebo aliutambua pale pale, nani Nakuru asiyeujua? "Na umefikiria hata mbolea, shemeji! Majivu, samadi, kila kitu! Wanaume wengine wangetupa."

Owuor alisimama nyuma yake, kofia mkononi, macho mekundu. Akaniambia alikuwa ananidhani mtu wa kijicho. Akaomba msamaha.

Nikasema si kitu. Huo ulikuwa ukweli mtupu.

Eucabeth, sikujua kwamba ni maua. Hukuniambia. Au uliniambia nami nilikuwa nasoma gazeti. Nilitaka kumwomba Anyango anirudishie kimoja, kimoja tu. Mtu anayetoa zawadi namna ile hawezi kuomba kimoja.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua imekuja mapema. Mvua yenyewe iko upande wa Owuor.

Wamevipanda mlangoni kwao. Owuor amezungushia mawe, ameyapaka chokaa. Vimetoa mashina manne, manene kama kidole, yananyooka kila siku. Mimi nimefagia Laini B yote, mara mbili kwa siku, na upepo umeniletea karatasi mara tatu. Kuhusu taka zangu usiulize. Ziko chini ya kitanda, ndani ya gunia. Nalala nazo.

Leo Kiptanui alikuja na ubao wake. Kwangu aliinusa hewa, akaandika. Kwa Owuor alisimama muda mrefu. Akauliza udongo mzuri namna hii umetoka wapi. Owuor akajibu kwa fahari, mbele ya watu wote, kwamba mbolea ni ya Laini B, kwa mzee Wamalwa. Wakanipigia makofi. Kisha kibao wakakisimika Laini A.

Maua yako, taka yangu, kibao chake!

Nimepima kwa hatua. Kutoka mlangoni kwangu mpaka kibaoni, hatua arobaini na tatu. Kutoka mlangoni kwa Owuor, nne. Nimerudia nikikanyaga hatua ndefu, labda nimekosea. Nne.

Jumapili, 6 Aprili. Pasaka

Mpendwa Eucabeth,

Leo nimekuja kwako, uliniona. Lakini niandike nilivyoona mimi.

Maua yalifunguka jana. Mekundu, makubwa kama sahani ya chai. Sikujua kwamba ulikuwa umeficha kitu kama hicho ndani ya kopo la kahawa. Anyango alikata mawili bila kuombwa, akanipa. Basi lilipofika, Owuor alikuwa amekwisha kuniwekea nafasi dirishani kwa kofia yake. Thuo akaniuliza kama leo nina mzigo. Basi zima likacheka. Hata yule mama wa kuku alikuwamo.

Nimeyaweka maua kichwani pako, nimeyafunga kwa utepe wa buluu. Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyapanga tangu Ijumaa. Nikafungua mdomo, Owuor akaanza kuimba. Hakuna aliyemwomba! Besi, taratibu, macho amefumba. Nikatazama majani juu yako. Yalitetemeka.

Upepo, nadhani. Nakuru kuna upepo mwingi.

Alipomaliza alinishika bega. Akasema nisiwe nakuja peke yangu, goti lenyewe hili, atanisindikiza kila Jumapili. Kila Jumapili! Na sauti ile! Anyango alikuwa analia, nami nililia kidogo, kwa sababu zangu.

Katika kurudi nimefikiri sana, na sasa nimeelewa kosa. Halikuwa lebo, wala halikuwa jina. Lilikuwa kuchagua mtu mdogo. Nimelitoa lile gunia chini ya kitanda, nimefunga kifurushi kizuri kuliko vyote, mikunjo sita, na lebo nimeandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usijulikane: BWANA AFYA KIPTANUI, BARAZANI. Kesho kinapanda basi. Akikifungua mezani pake ataelewa hali ya Laini B, lori litaingia, njia itapanuliwa, kibao kitahamia kwangu, na Owuor atatembea hatua arobaini na tatu.

Juu ya kabati nimekuta pia kikopo chako kingine. Kina vitu vikavu, vimepindapinda kama tangawizi iliyokufa, navyo vimeota vindevu. Nimevitia humo humo. Kikopo nimekiweka pamoja na kijiko.

Unikumbuke, Eucabeth. Unikumbuke mimi kwanza, kabla ya sauti ya Owuor.

Wako,
Wamalwa