LaTeX kwa Kh ya Kooni

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa chumba cha kupanga kurasa anastaafu. Usaili Ijumaa. Atakayepita ataongoza kitabu cha hisabati, kwa programu ya kompyuta iitwayo LaTeX. Miaka kumi na moja nimekaa nyuma ya mlango unaogonga kiti changu. Cheo hiki changu! Nimeshuka stoo kuomba lateksi. Mtunza stoo kanipa pakiti mbili za glavu za mpira. Nimesaini. Jina kwenye pakiti ni lilelile, herufi kwa herufi.

Jumanne, 5 Machi
Mpinzani ni mmoja: msahihishaji wetu, Dada Mkato, asiyeweza kupita sentensi bila kuitia mkato. Yeye husema “Leitek”. Nimempigia binamu yangu wa chuo kikuu. Kasema ile X ni herufi ya Kigiriki, inasomwa “Latekh”, kh ya kooni kama ya sabalkheri. Akaongeza kwamba Leitek nayo si kosa. Hapo mtandao ulisumbua, sikusikia vizuri.

Jumatano, 6 Machi
Mazoezi bafuni. Latekh. Latekhhh. Mama mkwe akabisha, akauliza kifua kimeanza lini. Nikamweleza ni programu. Akasema pole baba, akanifunika shuka juu ya beseni la maji ya moto. Nusu saa! Lakini kh imenoga. Mke wangu kauliza kama programu yenyewe nimeshaifungua. Nikamwambia mambo ni hatua kwa hatua.

Alhamisi, 7 Machi
Dada Mkato kanikaribisha tufanye mazoezi pamoja. Nimekataa. Anataka kuniibia kh.

Ijumaa, 8 Machi
Meneja alisema “Leteksi”. Nikamsahihisha mara tatu, mpaka akafuta miwani. Kisha akaniomba nipange mlinganyo mmoja. Nikatafuta pa kubonyeza. Kumbe kila kitu huandikwa kwa amri! Nikauandika kwa kalamu, kwa mwandiko safi. Akanishukuru.

Jumamosi, 9 Machi
Cheo kapewa Dada Mkato. Imeniuma, sifichi. Ila kanipigia leo mwenyewe: ameniombea nafasi kwenye timu yake, na Jumatatu saa mbili ataanza kunifundisha toka mwanzo. Nilifurahi sana. Tutatumia programu nyingine, akasema, XeTeX. Eksi mbili! Binamu kanithibitishia kwamba hazitamkwi sawa. Jumatatu nitafika saa moja, nimsubiri mlangoni, nimsahihishe kabla hajakaa.