Maji Kwetu Yapo Tu

Jumatatu, 14 Agosti 1972
Mashindano ya mpira ya mkoa yanakuja Same! Katibu wa tawi la chama ametangaza leo mkutanoni. Bomba linavutwa mpaka kiwanjani, maji ya kunywa ya wachezaji tu. Mashindano yakiisha litaongezwa mpaka kwa balozi mmoja na nyumba zake kumi. Faida ya mpira ni ya wananchi, anasema, si ya nyasi. Kiwanja chetu hakina nyasi hata moja, lakini tulipiga makofi.

Kila balozi na nyumba zake watalaza timu moja. Siku ya kufunga mashindano, wageni wataulizwa walivyoishi, ndipo kamati ya tawi iamue bomba liende kwa nani.

Nimeelewa mara moja. Atakayekirimu vizuri ndiye atakayepata. Bomba letu hilo! Kila siku namfunga Tumaini wangu mgongoni kwenda kuchota bondeni, jua linampiga utosini. Huwa namwomba radhi njia nzima. Yeye anacheka tu, meno yake mawili. Sitaki ajifunze kutembea kwenye njia ya kisimani.

Jumanne, 15 Agosti
Tumepewa timu ya Rombo. Mungu yupo! Watu wa migombani, wamezoea maji. Ng'ambo ya reli, kwa akina Dorkas, wamepewa Moshi mjini. Dorkas ndiye aliyesema mbele ya kina mama wa kanisani kwamba makande yangu hayana chumvi. Sijasahau.

Mpango: wageni waoge asubuhi na jioni, maji ya moto. Na wasituone tukibeba! Balozi wetu, mzee Aminieli, akauliza maji yenyewe yatatoka wapi. Nikamwambia mzee wangu, maji niachie mimi.

Alhamisi, 17 Agosti
Shingo haigeuki tangu wageni wafike. Mimi na jirani yangu Jenoveva tunakwenda kisimani wageni wakiwa wamelala, tunarudi tena wakienda mazoezini. Tumaini mgongoni, debe kichwani. Jenoveva anasema wageni hawa wanaoga kama bata. Nikamwambia avumilie, bomba likija litasimama mlangoni kwake. Nyumba zote nimeziahidi hivyo hivyo.

Kapteni wao, Novatus, kijana mwenye adabu, akaniuliza kama hapa maji ni ya shida. Nikacheka kwa madaha. Maji? Kwetu yapo tu!

Jibu zuri sana. Nimelifurahia siku nzima.

Ijumaa, 18 Agosti
Nimevuka reli kupeleleza. Nimejifanya natafuta kuku. Makubwa! Wageni wa Dorkas wananawa uso kwa kikombe. Golikipa mzima, mrefu kama nguzo ya simu, anapanda kutoka kisimani na debe kichwani! Dorkas amewaambia anayetaka kuoga akachote. Nilicheka mpaka Tumaini akaamka. Maskini Dorkas. Anatuaibisha Wapare wote.

Jumapili, 20 Agosti
Siku ya kufunga. Rombo wamewafunga Moshi mabao matatu kwa bila. Yule golikipa mipira ya juu hakuiona, kichwa hakiinuki.

Wageni wakaulizwa. Novatus akasimama, akasema hajakirimiwa hivi tangu azaliwe. Wameoga mara mbili kila siku, na Mama Tumaini mwenyewe alimwambia maji kwao yapo tu. Nikapiga vigelegele! Nikasimama kabisa, nikaikaza khanga, tayari kupokea.

Kisha golikipa wa Moshi. Hakusema mengi. Alionyesha shingo.

Katibu akasema kamati imesikia. Inawashukuru sana watu wa balozi Aminieli, ambao maji si tatizo lao. Bomba linakwenda kwa wenye shida. Ng'ambo ya reli!

Dorkas akalia kwa furaha. Mimi nilikuwa bado nimesimama. Mzee Aminieli akaninong'oneza kwamba nikae, kisha akaniuliza, si nilisema maji niachiwe mimi?

Jumamosi, 26 Agosti
Bomba linatoa maji. Ni la wote, anasema katibu, kila mtu achote. Nimepanga foleni. Dorkas amekaa pale kwenye kigoda kama karani.

"Karibu, mama mwenye maji!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Jenoveva ndiye aliyecheka zaidi. Kisha Dorkas akakinga maji kiganjani, akamnawisha Tumaini uso bila kuniuliza. Mtoto msaliti akamchekea, meno yote mawili.

Ni karibu kuliko kisimani, nakiri. Lakini ni la Dorkas.

Jumatano, 30 Agosti
Habari mpya! Mwakani ni netiboli, hapa hapa Same. Wageni wataulizwa tena, na safari hii kuna mashine ya kusaga!

Nimekaa nikatafuta vizuri kosa letu lilikuwa wapi. Nimelipata. Kuoga mara mbili ni kidogo. Wangeoga mara tatu, kamati ingeona haya kutunyima.

Mashine siiachi. Nitatwanga unga mwenyewe, laini kama poda ya Tumaini, mbali kabisa, wageni wasisikie hata mlio wa mchi. Wakiuliza tunasaga wapi, jibu ninalo tayari.

Unga? Kwetu upo tu!