Suruali Zinarefuka

Jumatatu, 3 Machi

Suruali yangu ya kijivu imerefuka! Niliishona mwenyewe, pindo likawa linagusa kiatu tu. Leo linafagia sakafu. Mimi ni fundi cherehani mwaka wa thelathini na nne huu, tabia za vitambaa nazijua. Hunywea, huchuja, hutoboka. Kurefuka sijapata kuona.

Nikamlaumu mke wangu kwamba anaivuta kambani. Akasema anaianika kama siku zote, na kwamba kwa mwendo ninaotembea siku hizi, afadhali nikapimwe. Nikamkumbusha kwamba mpimaji katika nyumba hii ni mimi.

Mchana nilisinzia juu ya cherehani. Nikaota suruali inatoka mlangoni na kuteremka barabarani kama maji, watu wamekunja nguo wanavuka. Nilijisikia vizuri sana.

Jumatano, 5 Machi

Si suruali tu. Mke wangu naye anarefuka! Miaka yote utosi wake ulipita chini ya kidevu changu, nafasi ya vidole vitatu ikabaki. Leo amekuja kunifunga kifungo cha kola, akanigonga kidevu nikajiuma ulimi. Ana miaka hamsini na saba. Sijamwambia, asije akavimba kichwa.

Na rafu ya jikoni imepanda. Kopo la kahawa silifikii. Dunia nzima inakua polepole, bila kelele, na aliyegundua ni mimi peke yangu. Nimekaa na wazo hili dirishani hadi jua likahama. Wateja wawili wameingia na kutoka. Sikumbuki walitaka nini.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi saa wa ng'ambo ya barabara, ambaye kwa balaa langu ni kaka wa mke wangu, kaja na habari. Jumanne zahanati inapima mifupa ya kila aliyevuka hamsini mtaani kwetu. Uzito, mashine ya mifupa, na urefu. Urefu! Mbele za watu!

Mtaa huu unaniita Mrefu. Shemeji ni Mrefu wa Pili. Mwaka niliomwoa dada yake tulisimama kwenye fremu ya mlango wa duka langu, nikamshinda kwa vidole viwili. Mistari ya penseli ipo hadi leo. Akaniuliza, kwa lile jicho lake la kuchungulia saa, kama nitakuja au naona haya. Nikamjibu alete hata ngazi.

Alipoondoka nikasimama chini ya mstari wangu. Nao umepanda.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata dawa! Mtoto akikua, suruali humpungukia. Basi mtu mwenye suruali fupi ni mtu anayekua. Nimekata suruali zote nne, vidole vitatu juu ya kifundo cha mguu, nikatembea mtaa mzima taratibu. Muuza magazeti akauliza kama nimevaa ya mwanangu. Wivu.

Mke wangu alinitazama vifundo. Aliniwekea soksi ndefu kitandani.

Jumanne, 11 Machi

Nesi kaamuru viatu vivuliwe! Sponji zangu za ndani ya viatu, tabaka nne, zimebaki sakafuni kila mtu akizitazama. Sentimita mia moja sabini na sita. Kitambulisho changu cha zamani kinasema mia themanini na moja. Shemeji: mia sabini na saba. Alikohoa kwa furaha.

Kisha maswali. Kama navuta sigara: nikasema nimeacha, maana tangu chai ya asubuhi sijavuta. Kama napata jua: nalitazama kila siku kupitia dirishani. Kama mzazi wangu alipinda mgongo uzeeni: nikaeleza kwamba baba aliinama kwa adabu. Nesi aliandika mengi kuliko niliyosema.

Nikalazwa chini ya mashine. Ilipita juu yangu ikinong'ona, nikalala. Nikaota nesi kauinua mfupa wangu dirishani kama mteja anayekagua kitambaa, na mwanga ukapenya wote. Ulikuwa mzuri, mwepesi kama shela. Waliniamsha kwa kunitikisa.

Ijumaa, 14 Machi

Matokeo! Karatasi yangu: kistari, halafu mbili nukta nane. Ya shemeji: kistari, moja nukta moja. Nimemzidi zaidi ya mara mbili! Nikazunguka mtaa nikimwonyesha kila mtu. Muuza magazeti alinipa mkono.

Saa nane nesi akatuita, mimi na mke wangu. Kumbe kistari ni cha kupunguza. Akaeleza kwamba mifupa yangu imechakaa kama suruali ya kaki magotini, kwa nje nzima, kwa ndani nyuzi zimeachana. Pingili za mgongo zimekaliana moja baada ya nyingine, kimyakimya, na ndiko sentimita tano zilikokwenda. Nikauliza zinarudishwaje. Hazirudi. Zilizobaki zinalindwa: dawa kila wiki, maziwa, jua, kutembea, sigara basi. Nisibebe majora ya kitambaa. Nisipande vigoda hata kidogo, maana nikianguka utavunjika mkono au nyonga.

Kati ya watu thelathini waliopimwa, wanane wako kama mimi. Nikauliza kama shemeji yumo. Hayumo.

Njiani mke wangu alinishika mkono. Nyumbani akalia. Akasema yeye hakuolewa na urefu, na kwamba anachotaka ni mimi nitembee hadi mwisho. Nikalia na mimi. Nampenda sana mwanamke huyu, na wala hajarefuka. Nimemwapia kwamba sitapanda kitu chochote kirefu kuliko kitanda chetu.

Jumapili, 16 Machi

Shemeji kasema atavuka barabara leo alasiri, ana jambo kwenye mlango wangu. Najua jambo lenyewe. Fremu!

Kwenye rafu ya juu kabisa dukani kuna jora la blanketi nzito. Nikilikunja mara tatu chini ya mkeka wa mlangoni, upande wangu tu, nimeshinda. Kitanda chetu, sentimita hamsini. Kigoda, arobaini. Nimepima mara mbili. Kiapo kiko salama.

Jumatano, 19 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Nilitangulia mimi, jora likafuata. Kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika. Wa cherehani!

Aliyefika kwanza ni shemeji. Kaniokota mzimamzima, kwapani kabana kifurushi. Ndani mlikuwa na suruali zake tatu. Kumbe nazo zimerefuka, alitaka nizipunguze kwa siri. Alikaa ukingoni mwa kitanda akifuta macho, akaniita Mrefu. Mke wangu anazishona sasa, mimi namwelekeza nikiwa nimelala. Mapindo yake yamenyooka kuliko yangu. Sijamwambia.

Mchana alijilaza kando yangu, kichwa chake kikatulia mahali pake pa zamani, na nafasi ya vidole vitatu ikarudi. Kitandani hakuna mfupi. Nilitaka tusiamke.

Nesi alipita. Akasema nishukuru si mguu, maana ningefungwa plasta ngumu, na chini yake huwekwa kisigino cha mpira cha kutembelea. Nikauliza unene wake. Akaonyesha vidole vitatu.

Vidole vitatu! Nalitafakari hilo tangu alipotoka. Kigoda hakikuvunjika.